Wino wa Sabato

Siku tuliyomzika baba sikulia njiani, sikulia walipokuwa wakimwosha, wala sikulia mama alipovunjika sauti katikati ya sala. Nililia ilipofika zamu yangu ya koleo. Kwetu Wayahudi, wafiwa humtilia maiti mchanga kwa mikono yao wenyewe, na koleo halipokezwi mkono kwa mkono kama kikombe cha chai. Aliyemaliza hulichomeka kwenye udongo, anayefuata hulichomoa. Nikalichomoa. Tulikuwa kwao Uganda, vilimani nje ya Mbale, udongo mwekundu umelowa mvua. Nilipotia mara ya kwanza na kusikia unavyotua kule chini, nikamkumbuka mwanamke mmoja aliyesimama mbele ya kaburi jingine, Kaloleni, mimi nikiwa na miaka tisa, ngumi yake imejaa mchanga na asiutie. Waliokuwa karibu wakanishika mabega, wakidhani namlilia baba. Baba nilimlilia wiki iliyofuata, nikiwa peke yangu jikoni.

Wiki hiyo ndipo mama aliponipa kopo. Ni kopo la bati la biskuti, picha ya farasi juu ya kifuniko imechubuka hadi amebaki miguu na mkia. Hakuwa na hotuba.

"Chukua," akasema. "Si wewe uliyekuwa ukilinyemelea?"

Nikamtazama, naye akaendelea kukunja nguo za baba. Sikuwahi kujua kwamba alijua, na hadi leo sijui anajua kiasi gani. Nililifungua nikiwa nimerudi nyumbani kwangu, na harufu ikanipiga puani kabla sijaona kitu: wino mkavu, risasi ya penseli, na kwa mbali sana biskuti zilizoliwa kabla sijazaliwa. Kalamu za baba zilikuwa zimelala zote upande mmoja, vichwa kushoto, kama alivyokuwa akizilaza kila Ijumaa. Ile ya kijani ilikuwapo. Kwenye kifuniko chake kuna alama za meno, nayo ni meno yangu.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Chaani, Mombasa, nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja. Baba alikuwa karani wa mizani ya malori katika godauni moja la Changamwe, na malori hayo hayo yalipita nje ya dirisha letu mchana kutwa hata vikombe vikawa vinaongea kabatini. Tulikuwa Wayahudi watatu, baba, mama na mimi, na kwa kadiri tulivyojua hakukuwa na wa nne upande wote ule wa bara. Mtaa ulituita Wasabato. Baba alijaribu kueleza kwamba Wasabato ni Wakristo na sisi si Wakristo, watu wakaitikia vizuri kabisa, kesho yake wakatuita Wasabato. Mwenye nyumba, mzee wa Kiislamu, alimhoji baba siku tuliyohamia. Nguruwe mnakula? Hatuli. Mmetahiriwa? Tumetahiriwa. Mnaswali mmeelekea wapi? Yerusalemu. Mzee akatikisa kichwa na kusema, "Basi mmebakisha kidogo tu, inshallah." Na shuleni msichana mmoja aliniuliza kama baba yangu alimjua Musa. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu baba alikuwa akimtaja kila siku.

Chumba cha mbele kinachotazama barabara alikaa Hawe. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa akikaanga mihogo barazani, karai lake jeusi kama usiku wa jehanamu, akiipasua na kuitia pilipili na ndimu, akiwasema wapita njia wote bila ubaguzi. Sisi alitupenda na kututania. Mama aliporudisha sahani ya pweza aliyoletewa, Hawe alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Dini gani hii ya kukataa pweza? Pweza kamkosea nani?"

"Hana magamba, Hawe," mama akamjibu.

"Na wewe unayo?"

Lakini Sabato yetu aliijua kuliko hata ndugu zetu wa Mbale. Taa ya chumbani kwetu ikisahaulika kuzimwa jioni ya Ijumaa, Hawe aliingia, akaizima, akatoka bila kuombwa, maana alijua hata kumwomba haturuhusiwi. Ijumaa jua likianza kushuka alipaza sauti kutoka barazani: "Mama Naume! Mishumaa! Jua lenu laenda!"

Naume ni mimi.

Jua likiwa linakwenda, baba aliketi mezani na kukusanya kalamu. Hii ndiyo ibada niliyoipenda kuliko zote, na kuichukia. Alipangusa kila ncha kwa kitambaa, akafunga vifuniko, akazilaza kopo lile, akaliweka juu ya kabati. Kuanzia hapo mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi, hakuna aliyeandika hata herufi moja. Nami kuandika ndiko kulikokuwa kula kwangu. Niliandika majina ya malori, niliandika bei za mihogo, niliandika yale watu waliyosema ukumbini. Mkono wangu ulikuwa ukiwasha Jumamosi, wallahi si maneno matupu, ulikuwa ukiwasha.

Nilimuuliza baba kwa nini. Akanieleza mambo ya Mungu kupumzika siku ya saba, lakini mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu mwenyewe. Kila mwaka wetu mpya tulitakiana tuandikwe katika kitabu cha uzima, na baba akanieleza kwamba Mungu ana kitabu na anaandika majina. Kwa hiyo nikaelewa: Mungu naye ni karani. Na karani akiandika hataki kelele. Siku ya Sabato Mungu alikuwa ametulia, na mtu akiandika huku chini, mkwaruzo wa kalamu unamfikia. Dawa yake basi ilikuwa ni kuandika bila mkwaruzo. Chakula cha mchana cha Sabato kikishaliwa, baba na mama walilala usingizi mzito, nami nilipanda kiti, nikatoa kalamu ya kijani kwenye kopo, nikajipenyeza chini ya kitanda changu. Pale nilikuwa na godoro juu yangu, na juu ya godoro dari, na juu ya dari mabati. Ile kalamu ya kijani ilikuwa ya wino wa kujaza, ncha yake laini, haikwaruzi kama kalamu za dukani. Nilihesabu kwamba Mungu hasikii.

Karatasi nilizipata kwa Hawe. Yeye alifungia mihogo kwa karatasi yoyote aliyoletewa: madaftari ya shule ya mwaka jana, karatasi za maofisini, fomu za mizani zilizoandikwa upande mmoja. Na hapo ndipo baba alipopata shida yake. Kwetu karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi, haichomwi, wala haifungiwi mihogo; ikichakaa huzikwa, kama mtu. Sheria yenyewe ni ya Jina kwa Kiebrania, lakini baba alisema hata "Mungu" kwa Kiswahili ana heshima yake, na watu wa madrasa pale nyuma nao hawatupi kurasa zao. Basi kila jioni akitoka kazini alisimama kwa Hawe, akapekua rundo, akatoa kila ukurasa wa somo la dini wenye neno Mungu na kumwachia magazeti badala yake. Hawe alimcheka mpaka machozi. Baadaye akawa anamwekea mwenyewe, ingawa kusoma hajui, nami nikimsaidia kuchambua.

"Karani, njoo uchukue Mungu wako," alimwita. "Leo wako saba."

Baba alizitia kwenye gunia nyuma ya mlango, na gunia likijaa akachimba shimo karibu na ukuta wa uani na kulizika. Nami, mtoto mwenye akili zake, nikaona njia. Mama alikuwa akifagia na kutupa vikaratasi vyangu vyote. Sasa kila karatasi niliyoandika, juu kabisa, nilianza kwa neno moja: Mungu. Mama akiokota, akisoma, ananyamaza, anairudisha. Hakuna karatasi yangu iliyotupwa tena. Nilijiona mjanja kama sungura.

Hawe alikuwa na binti mmoja, Kadzo, aliyeolewa Taveta na mtu ambaye Hawe hakumtaka. Siku Kadzo alipoondoka, kabla sisi hatujahamia, Hawe alisimama barazani mbele ya mtaa wote akamwambia, "Nenda. Na nikifa usinitilie mchanga." Kila mtu Chaani alilijua neno hilo. Pwani neno la mzazi si la kuchezea. Radhi ya mama ikiondoka, mtu hutembea maisha yake yote akitazama nyuma. Kadzo hakurudi tena.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa Hawe. Nilimwandikia barua za kwa kaka yake Kaloleni, kuhusu korosho na kuku na nani kafa. Na mara kwa mara, barua ya kaka ikishakwisha, alisema, "Toa nyingine. Andika Kadzo." Nikaandika Kadzo, nikaweka mkato, nikangoja. Hawe alitazama barabara, malori matatu manne yakapita. Kisha akasema, "Wacha. Kunja." Nilikuwa na karatasi nne au tano za namna hiyo, jina na mkato basi, na nilizipenda kwa kuwa zilikuwa na nafasi nyingi nyeupe.

Sasa nifike Jumamosi ile, nimezunguka vya kutosha.

Baba na mama walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa chini ya kitanda na kalamu ya kijani, nikiandika sikumbuki nini, kitu kisicho na maana yoyote. Nikasikia sauti ya chini nje ya mlango.

"Naume."

"Abee, Hawe."

"Njoo nje. Polepole, wazee wako wamelala."

Nikaichomeka kalamu kiunoni, ndani ya gauni, nikatoka. Hawe alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, leso imemlegea kichwani, jasho limemtoka kama ametoka karaini.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Kichwa hiki tangu alfajiri kinanitwanga kama kinu. Sikiza. Yule Mtaita wa lori aenda Taveta saa nane hii. Nimemwomba apeleke barua kwa Kadzo, kakubali. Niandikie mistari miwili. Miwili tu."

"Leo Sabato, Hawe."

"Najua leo ni leo. Ningekuwa na siku nyingine ningekuja?"

"Si umtume yule Mtaita aseme kwa mdomo?"

"Nilimfukuza kwa mdomo," akasema. "Akiletewa mdomo mwingine ataamini? Kadzo nimemzaa mimi, namjua. Ataka aone kwa macho yake, aifungue, aisome mara kumi. Na siri yangu sitaki ipite midomo ya watu. Andika hivi. Kadzo mwanangu, lile neno nimelirudisha, radhi nimekupa. Nikifa njoo unitilie mchanga kama watoto wa wenzio. Ni hayo tu."

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimengoja kujua kitakachofuata ule mkato. Kalamu ilikuwa kiunoni mwangu, naisikia ubaridi wake kwenye ngozi. Karatasi ilikuwa chini ya kitanda, hatua sita. Ningeweza kuandika mistari ile pale pale juu ya goti. Lakini kuitoa kalamu ya baba ndani ya gauni langu, siku ya Sabato, mbele ya Hawe ambaye ulimi wake haukuwa na mlango! Jioni angemwambia baba barazani, kwa sauti ya mtaa mzima na kwa mapenzi yote, "Karani, mwanao leo kaniokoa." Hayo ndiyo niliyoyafikiria. Si Mungu niliyemwogopa, kwa maana Mungu nilishamkadiria kwamba hasikii.

Nikasema, kwa sauti niliyoazima kwa baba, "Sisi hatushiki kalamu mpaka nyota tatu."

Hawe akanitazama. Kisha macho yake yakashuka mpaka mkononi mwangu. Kidole gumba kilikuwa na wino, mbichi, wa buluu, umeenea mpaka kwenye ukucha. Nikakifumbata. Hakusema kitu kuhusu kidole. Yeye aliyemsema kila mtu aliyepita, hakusema kitu.

"Haya," akasema. "Mungu wenu nisimtie hasira. Tungoje hizo nyota. Zikitoka uje, usinisahau, eh?"

Akageuka, akatembea kwa kushika ukuta.

Ningemwamsha baba. Hilo limenijia miaka hii yote, nikifua, nikipika, nikifungua duka. Ningemwamsha tu, naye angevaa viatu, angekwenda mwenyewe kwa yule dereva na kumkabidhi lile neno kwa mdomo wake, na neno la baba yangu hata Kadzo asiyemjua angeliamini, maana baba alikuwa mtu ambaye hata malori yalimwamini. Lakini ningemwamshaje na kalamu yake kiunoni?

Nilirudi chini ya kitanda. Na hapa ndipo pananiumiza zaidi. Niliiandika ile barua. Nilichukua mojawapo ya zile karatasi zenye Kadzo na mkato, nyuma yake ni fomu ya mizani, nikaandika maneno ya Hawe yote kama alivyoyasema, hakuna lililopungua, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Juu kabisa, kwenye pembe, nikaandika Mungu, kwa mazoea. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nyota zikitoka nitakwenda kwa Hawe na karatasi nyeupe, nitajifanya naandika, nitampa hii, itakwenda na lori la wiki ijayo. Nikaikunja, nikaitia ndani ya soksi. Saa nane nikalisikia lori la Mtaita likipiga honi kona ya barabara.

Jioni tulitoka uani kuhesabu nyota. Changamwe wakati ule nyota zilikuwa kazi, kwa sababu ya ule moto wa kiwanda cha mafuta uliowaka juu ya mnara usiku kucha na kupaka mbingu rangi ya chungwa. "Moja," baba alisema. "Ile si nyota, ile ni taa. Haya, ile pale, mbili." Ya tatu ilikawia sana siku hiyo. Tukaingia ndani, mama akawasha mshumaa wa kuagana na Sabato, tukapokezana karafuu kunusa, kama kila wiki. Nilikuwa bado nimeshika karafuu mkononi niliposikia mtu akipiga kelele chumba cha mbele.

Alikuwa chini, sakafuni, kichwa kwenye paja la jirani. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, na upande huo wa mwili hauna habari na mwingine. Alitaka kusema na kilichotoka hakikuwa neno. Aliponiona mlangoni akainua mkono uliobaki mzima, akakutanisha vidole viwili na gumba, akavisogeza hewani. Kila mtu pale alidhani anahangaika tu na maumivu.

"Anataka nini?" baba akauliza.

Barua ilikuwa kwenye soksi yangu. Ningeitoa, ningeisoma kwa sauti mbele ya watu wote, Hawe angeitikia kwa kichwa, na ingekuwa imekwisha. Nikasema, "Alitaka nimwandikie barua mchana. Nikamwambia ni Sabato."

Baba akaweka mkono kichwani pangu, ukakaa pale muda mrefu.

Hawe alifariki Jumanne hospitalini, bila kusema tena. Walimpeleka kwao Kaloleni, na majirani tulijaa lori moja zima kumsindikiza. Barua nilikwenda nayo, soksi ile ile. Kadzo alikuwa ameshafika kutoka Taveta, mwanamke mrefu, mwembamba, mtoto mgongoni, amekaa mbali na wenzake chini ya ukuta wa jiko kama mgeni. Mtu alimwonyesha sisi. Akaja mpaka kwa baba, akamsalimia kwa adabu, kisha akanitazama mimi.

"Ndiye huyu mwandishi wa mama?"

"Ndiye," baba akasema.

"Mwanangu, hakuacha neno? Hata moja?"

Baba akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mama yako alimwomba aandike siku ile, lakini ilikuwa Sabato. Binti yangu hashiki kalamu siku ya Sabato." Alisema kwa kuomba radhi, na ndani ya kuomba radhi kulikuwa na fahari. Niliisikia. Sikuwahi kusikia baba akijivunia kitu mbele ya watu.

"Alitaka kuandika nini?" Kadzo akaniuliza.

Mtoto ana hesabu zake. Nikiyasema yale maneno, watauliza kwa nini nilikataa kuandika jambo zito kama lile. Nikiitoa karatasi, watauliza niliiandika lini, maana nyota zilipotoka Hawe hakuwa na ulimi. Na mkono wa baba ulikuwa begani mwangu.

"Sijui," nikasema. "Hakuniambia."

Kadzo akaniitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyelitegemea jibu. Akaniambia, "Asante, mama."

Walipoanza kutia mchanga, ndugu walipita mmoja mmoja, hata watoto wadogo wakaongozwa mikono. Kadzo alikuwa wa mwisho. Aliinama, akachota, akasimama ukingoni na ngumi yake mbele ya kifua. Watu wakageuka kumtazama, maana wote walilijua lile neno. Nilimwona anataka. Nilimwona jinsi vidole vilivyoanza kufunguka na kufunga tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akautia ule mchanga kwenye pindo la leso yake, akafunga fundo, akaenda zake kule kwenye ukuta wa jiko. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake na mistari miwili mguuni.

Tuliporudi Chaani sikujua la kuifanya ile barua. Kuichoma sikuweza, kuitupa sikuweza, nilikuwa nimeandika Mungu juu yake. Nikaisukuma katikati ya gunia la baba nyuma ya mlango. Kabla ya Pasaka yetu alichimba shimo kando ya ukuta, akalishusha gunia, akalifunika, akakanyaga kwa viatu vyake vya kazini akisema sala yake ndogo. Hakujua anazika nini. Mimi nilisimama pembeni nikimshikia taulo.

Sikuandika tena Sabato. Watu hudhani hilo ni jambo jema, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Leo nina duka dogo la madaftari na kalamu huku Junda, Mombasa hii hii. Jumamosi halifunguliwi, na wateja bado wananiita Msabato. Miaka yote nilijiambia kwamba Kadzo simjui aliko, Taveta ni kubwa, watu huhama, pengine kafa. Baada ya kumzika baba niliuliza mara moja tu kwa watu wa Kaloleni. Hazikupita siku tatu, nikapewa namba ya simu na jina la soko.

Nilimkuta sokoni Taveta, akiuza ndizi. Bado mrefu, bado mwembamba, nywele nyeupe chini ya kilemba. Nilimwamkia, nikajitambulisha, akaniambia, "Yule mtoto wa karani," na akanisogezea kreti nikae. Nikamweleza yote, kalamu, kidole, soksi, gunia. Sikujipunguzia. Kisha nikamwambia yale maneno ya mama yake, moja moja. Alikuwa ameshika chane la ndizi mapajani na hakuliweka chini.

"Ule mchanga," akasema, "niliumwaga mto Lumi. Niliogopa kuuingiza nyumbani kwangu. Nilifungua fundo nikaumwaga, nikaosha leso."

Nikasema, "Nimekosa, mama."

"Niandikie," akasema.

Nikaitoa kalamu ya kijani mkobani. Nilikuwa nimeijaza wino Junda, sijui kwa nini, au najua. Nikaandika juu ya daftari jipya la duka langu: Kadzo mwanangu, lile neno nimelirudisha, radhi nimekupa. Nikifa njoo unitilie mchanga kama watoto wa wenzio. Mwandiko haukuwa mzuri kama ule wa kwanza. Nikachana ukurasa, nikampa. Akausoma, midomo ikicheza, akaurudia, akaurudia tena. Akaukunja mpaka ukawa mdogo kama kidonge, akaufungia kwenye pindo la leso.

"Wakati ule ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na sasa?"

"Arobaini na moja."

Mteja alikuja, akauliza bei, Kadzo akamjibu, akampimia, akamuaga. Kisha akanigeukia.

"Kosa la yule wa miaka tisa nimelisamehe," akasema. "La huyu wa arobaini na moja, bado."